Haki ya Aliye wa Pili

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiwaka homa usiku, na mbwa wa boma hilohilo akiwa amejilaza mlangoni bila kugusa chakula tangu jana, hakuna anayehitaji mwanafalsafa wa kumwambia aanze na nani. Bibi wa Chwele na karani wa Kitale watatoa jibu moja bila kusita: mtoto kwanza. Nami najibu hivyo, na ndivyo nilivyofanya mtoto wetu alipougua. Kinachonikera ni kwamba jibu hilo likishatolewa mjadala hufungwa, kana kwamba aliyemtambua wa kwanza ameshajua pia anachodaiwa na wa pili. Mbwa bado yuko mlangoni. Paka, ambaye jicho lake limevimba na kutoa usaha, yuko chini ya meza. Na saa mbili asubuhi kuna kazi.

Familia nyingi za upande wetu zina mguu mmoja Kitale na mwingine Bungoma. Baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia yalipoanza kuuzwa na kukatwa vipande, Wabukusu wengi walipanda kutoka Bungoma kutafuta ardhi, wakawaacha wazee nyumbani. Mpaka leo mzazi anaajiriwa Kitale, kukhu, yaani bibi, wa watoto anabaki Bungoma, na katikati kuna matatu inayopitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Kwetu ni hivyo tena kwa kugeuza: baba mtoto anafanya kazi Bungoma na huja wikendi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400, na tofauti hiyo inatosha kubadilisha maisha ya mbu. Chanjo ya malaria ilipoanza kujaribiwa nchini mnamo 2019 katika kaunti nane za magharibi na Nyanza, Bungoma ilikuwemo, Trans Nzoia haikuwemo. Mtoto wa baridi hushuka kumsalimia kukhu, anabebwa, analishwa ndizi, anarudi na homa. Ndivyo ilivyokuwa. Kipimo cha haraka kilionyesha malaria, tukapewa dawa ya siku tatu, dozi sita, ya pili ikifuata ya kwanza baada ya muda wa saa 8, inywewe na maziwa, na akitapika ndani ya nusu saa apewe tena. Tangu hapo saa ya ukutani ndiyo iliyotawala nyumba.

Wauguzi wa zahanati hufundishwa kumuuliza mzazi maswali manne kabla ya yote. Je, mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, hazinduki? Jibu la ndiyo kwa moja tu kati ya matatu ya mwisho, au la hapana kwa lile la kwanza, linatosha kumpeleka hospitali papo hapo. Usiku ule niliyapitia maswali hayo mara nyingi juu ya kitanda cha mtoto, kisha nikajikuta nimechutama mlangoni nikiyauliza tena juu ya mbwa. Anakunywa maji? Kidogo. Anatapika? Hapana. Ametetemeka? Hapana. Amelegea? Ndiyo. Hakuna swali lililohitaji kurekebishwa. Baadaye daktari wa mifugo aliuliza yaleyale, akaongeza kufungua midomo ya mbwa na kutazama ufizi. Ulikuwa mweupe kama karatasi. Homa ya kupe, akasema.

Hapo pana jambo la kufikiriwa polepole. Tunapenda kuamini kwamba mpangilio wetu wa nani kwanza umejengwa juu ya tofauti: huyu ni mtu, yule ni mnyama. Lakini karibu na kitanda cha mgonjwa asiyeweza kusema panauma wapi, tofauti hiyo haitoi msaada wowote wa kumtambua. Mtoto ambaye hajajua kusema na mbwa wanaugua kwa ishara zilezile, na ustadi wa kumsoma mmoja ndio ustadi wa kumsoma mwingine. Ni macho yaleyale ya mzazi, kiganja kilekile juu ya tumbo. Jeremy Bentham wa Uingereza alishasema zamani kwamba kwa upande wa maadili linaloulizwa juu ya mnyama ni kama anaweza kuumia, si kama anaweza kufikiri, na Peter Singer akaliendeleza wazo hilo mnamo 1975. Mama yeyote aliyewahi kukesha na mtoto asiyesema na mnyama asiyesema katika nyumba moja amekwisha kulijua hilo bila kufungua kitabu chao.

Ila mtu asikimbilie kusema basi wote ni sawa. Ile chupa ya paracetamol iliyoshusha homa ya mtoto ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunjavunja dawa hiyo, na kiasi kidogo tu kinaweza kumuua. Maumivu yanafanana, tiba zinatengana. Mwenye huruma ya haraka, anayemwaga dawa ya mtoto kwenye sahani ya paka kwa sababu "naye ni kiumbe", anaua. Kumheshimu aliye wa pili kunaanzia hapo: kujua kwamba yeye si nakala ndogo ya wa kwanza, na kwamba anahitaji ujuzi wake, mtaalamu wake na saa yake. Ndiyo maana anagharimu. Angekuwa anaridhika na mabaki ya huduma ya mtoto, falsafa isingekuwa na kazi hapa.

Wasomi wetu wanapoulizwa juu ya wajibu hupenda kumrudia John Mbiti na ile sentensi yake mashuhuri ya 1969 kuhusu mtu kuwepo kwa sababu wenzake wapo. Ni sentensi nzuri, na imefungua warsha nyingi. Saa nane za usiku haikuambii ubebe nani. Mimi ninapata msaada zaidi kwa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Ugenya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, na aliyefariki 1995. Katika makala ya 1993 aliifikiria dunia kama nyumba ya wazazi yenye watoto sita, wawili wenye mali na wanne maskini. Tajiri anaweza kusema alichonacho ni bahati yake na jasho lake. Odera Oruka anamjibu kwamba kabla ya bahati kulikuwa na malezi ya nyumba moja, na deni la malezi hayo linatangulia haki ya mtu kukalia mali yake. Alikuwa akizungumzia nchi tajiri na nchi maskini. Nadhani hatakasirika nikilileta wazo lake hadi kwenye boma la Kitale, penye mtoto mmoja, mbwa mmoja, paka mmoja na ghala la mahindi.

Maana wanyama hawa wawili hawakuja nyumbani kama mapambo. Sehemu hii ya nchi inaishi kwa mahindi. Kampuni ya Kenya Seed ilianzia Kitale mnamo 1956, na kila boma lina gunia la kulinda. Paka huyo amelala ghalani misimu yote, na panya wanaujua ukweli huo kuliko sisi. Mbwa amebweka nje usiku wa mvua ili sisi tulale. Wamefanya kazi, hawana hati ya mshahara, hawana bima. Makato ya bima ya afya ya SHA ya asilimia 2.75 yanayotoka kwenye mshahara wangu hayawafikii hata kwa tone la dawa ya jicho. Tukihesabu kwa njia ya Odera Oruka, ninachowadai wao na wanachonidai mimi kimeshapita mipaka ya wema. Sindano ya mbwa ni malipo yaliyochelewa, na mwenye kulipa deni hasubiri kushukuriwa.

Mama mkwe wangu hakubaliani, na hoja yake si ya kupuuzwa. Aliponipigia simu kuuliza hali ya mtoto, nikamtajia na mbwa, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mwanangu, mbwa ni mbwa. Akipona atapona." Mtu wa mjini angemwona mkatili. Mimi nimemwona akimkanya mjukuu anayemrushia kuku mawe. Ugumu wake una asili nyingine. Alilea watoto Bungoma wakati ambapo chandarua chenye dawa hakikuwa kwenye kila kitanda, na malaria ilikuwa ikipita nyumba kwa nyumba. Kwa mama wa kizazi hicho, macho yaliyoondoka kwa mtoto kwenda kwa mnyama yangeweza kurudi yakakuta msiba. Hakuwa na ziada ya uangalizi ya kugawa. Kwa hiyo alijifunza kumfuta wa pili kabisa, asimwone, ili mkono usitetereke juu ya wa kwanza. Namwelewa. Nakataa tu kwamba kile kilichokuwa ngao wakati wa dhiki kiwe kanuni ya siku zote.

Kuna njia rahisi ya kumshinda katika mabishano, na nilishawishika kuitumia. Ningemwambia kuhusu kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani waliupata kwa kuumwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Dalili zikishatokea, hakuna tiba ya kutegemewa. Serikali ya Kenya ina mpango wa kuumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake ni kuchanja mbwa hadi kufikia asilimia 70 yao. Anayemchanja mbwa anamchanja mtoto. Angekubali mara moja, kwa kuwa mbwa angekuwa amerudi kwenye hesabu akiwa amejificha nyuma ya mtoto. Kant aliwaza kwa namna inayokaribia hiyo: usimtese mnyama, kwa kuwa utazoea kuwatesa watu. Hoja kama hizo zinafanya kazi, tena zinafanya kazi vizuri kwenye baraza la chifu. Lakini hazina neno juu ya paka wangu. Jicho lake halimwambukizi mtu, halihatarishi mtoto, halimpunguzii yeyote usingizi isipokuwa yeye mwenyewe. Kama haki ya wa pili inategemea faida yake kwa wa kwanza, basi paka hana haki. Na mimi nilimwona akijikuna jicho hilo hadi damu.

Serikali nayo ina mpangilio wake, na ni mfupi kuliko wa mama mkwe. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyefikisha miezi miwili kazini likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara, kwa mwaka, akileta cheti cha daktari. Cheti ni cha mwili wake yeye. Mtoto akiugua, mzazi anakata kutoka kwenye siku zake 21 za mapumziko ya mwaka, au anaomba hisani ya mkubwa wake, au anadanganya kwamba tumbo linamuuma. Nimefanya kazi mahali ambapo uongo wa tumbo ulijulikana na wote na kukubaliwa na wote. Sheria hiyo inamwona mtu kama mwili mmoja unaokuja kazini na kurudi. Haioni kwamba wapo watu ambao ugonjwa wao uko nje ya ngozi yao. Aliyekesha na mtoto wa degedege asubuhi ni mgonjwa kuliko mwenye mafua, na hana cheti. Likizo ya siku chache kwa ajili ya mtegemezi mgonjwa si anasa ya Ulaya. Nigombee kiti leo, hilo ndilo ningelipeleka bungeni. Mbwa nisingemweka kwenye mswada. Wangecheka, na mtoto angekosa pia.

Narudi kwa deni. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alieleza mnamo 1965 kwamba wajibu mbili zikigongana na ukatimiza ule mzito, ule mwepesi haufutiki. Unabaki, na mtu mwema anausikia ukimdai hata akiwa hakukosea. Hiyo ndiyo hali ninayoijua. Kumchagua mtoto kulikuwa sahihi, wala sijutii. Bado, alfajiri nilipomruka mbwa mlangoni kwenda kuchemsha maziwa ya dozi, niliona aibu ambayo haikuwa ya kosa lolote. Watu hushauri aibu kama hiyo itulizwe. Mimi naona inafanya kazi ya karani: inaweka kumbukumbu ya ambaye hajahudumiwa bado, ili foleni isisahaulike pindi aliye mbele anapoondoka. Kutangulia ni suala la wakati. Kukigeuzwa kuwa cheo, aliye wa pili leo atakuwa wa pili kesho na keshokutwa, hata siku ambayo wa kwanza hana analohitaji zaidi ya kubebwa.

Na siku hiyo ilifika upesi. Dozi ya sita iliisha, homa ikaondoka, mtoto akawa anakimbia uani akitaka nimbebe kila nilipoinuka. Mbwa alikuwa bado dhaifu, na jicho la paka lilihitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwa siku. Zamu ikageuka. Nilimweka mtoto chini kwa yaya, akalia kwa hasira, nikapanda boda boda na mbwa mapajani kwenda kwa daktari wa mifugo aliye nyuma ya agroveti, kwa sindano ya pili. Daktari alimpima kilo kabla ya kuvuta dawa, kama muuguzi alivyompima mtoto.

Mama mkwe alipiga simu nikiwa hapo, baada ya kumpigia yaya kwanza na kusikia kilio. Akataka kujua kwa nini mjukuu wake analia. Nikamweleza.

"Na kama angerudiwa na homa ukiwa huko kwa mbwa?"

"Ningegeuza boda boda njiani, Mama."

"Basi mbwa wako yuko palepale alipokuwa."

Nikamwambia ni kweli, yuko palepale, ila sasa ameshadungwa.