Fundi Ambaye Hakugusa Mbao

Mwalimu mmoja mstaafu hapa Tanga, mama ninayemheshimu sana, alitoa sehemu ya kiinua mgongo chake ili roshani ya mbao inayotazama bahari ipakwe vanishi. Kazi ilikwisha Februari, ikang'aa mpaka majirani wakaja kuitazama. Katikati ya masika vanishi ikaota malengelenge. Kufikia Juni ilikuwa inabanduka vipande vipande, na wajukuu walikuwa wakiichuna kwa kucha kama mchezo. Ameniruhusu nisimulie ili wengine wasiingie hasara hiyo, ila majina tuyaache.

Ishara ya kwanza ilikuja kabla fundi mwenyewe hajafika. Alitumiwa picha kwenye simu, na baada ya muda mfupi akajibu kwa bei. Bei ilikuwa ya chini kuliko ile ya fundi mwingine aliyekuwa amekuja nyumbani, akapiga magoti, akachokoa mbao kwa ncha ya bisibisi, akauliza maswali mpaka mwalimu akamwona msumbufu. Tuseme kweli, wengi wetu tungemchukua yule wa bei ndogo. Mimi pia ningemchukua, na ningejisifu kwamba nimebahatika.

Swali moja la yule msumbufu lilikuwa hili: mbao hizi zimewahi kupakwa nini? Jibu lilikuwepo, na mwalimu alilijua. Marehemu mume wake alikuwa akileta oil chafu kutoka gereji na kuzipaka kila mwaka kuzuia mchwa, kama wanavyofanya watu wengi. Oil ya injini haikauki. Hujificha ndani ya nyuzi za mti, na ukipaka vanishi juu yake, vanishi hukauka ikiwa haijashika kitu. Jua likipasha mbao joto, oil hupanda. Mvua ikipata ufa, maji huingia chini ya utando na kukosa pa kutokea. Yale malengelenge yalianzia hapo. Fundi wa bei ndogo hakuuliza, naye mwalimu hakudhani kwamba habari hiyo ina maana.

Halafu fundi akaomba theluthi mbili ya malipo mapema, akasema ni hela ya vifaa. Siku ya kazi akaja na makopo ambayo vifuniko vyake vilikuwa vimeshafunguliwa, pamoja na galoni ya thina iliyoonekana kubwa kuliko kazi yenyewe. Vanishi iliyozidishwa thina hutereza vizuri kwenye brashi na hutosha eneo kubwa, lakini inayobaki juu ya mti ni nyembamba mno, na jua letu huila upesi. Mkononi hakuwa na karatasi ya msasa hata moja.

"Mwanangu, hutapiga msasa kwanza?" mwalimu aliuliza.

"Mama, ondoa shaka. Vanishi hii inashika popote."

Akanyamaza. Ameniambia kwamba moyoni alijua jibu lile halikutosha, ila aliona haya kumhoji fundi juu ya ufundi wake. Hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo, maana naamini haya hiyo inatugharimu kuliko ulaghai wenyewe. Tumelelewa kumheshimu mwenye kazi yake, na hilo ni jema. Lakini fundi anayeijua kazi huulizwa akafurahi; hata ukimwacha, atakueleza mwenyewe mpaka uchoke. Anayekuondoa shaka bila kukueleza lolote amekupa taarifa, ndugu yangu. Ichukue.

Kazi ikaenda mbio. Brashi iliingia saa sita mchana, mbao zikiwa za moto kiasi cha kuunguza nyayo. Katika joto hilo vanishi hukauka juu na kufungia thina chini, ndiyo maana mafundi wazoefu hufuata kivuli kuizunguka nyumba. Chumvi ya upepo wa bahari haikuoshwa kwa maji baridi. Ncha za mbao, mahali mti unapokatwa na kunywa maji kuliko popote, ziliachwa kavu kwa sababu hazionekani mtu akisimama chini. Kwa siku mbili yote yakawa yamekwisha, na salio likalipwa jioni ileile, mbele ya mng'ao.

Mwalimu aliwahi kumwomba amwonyeshe kazi nyingine. Alionyeshwa picha, nzuri kwelikweli, zote za kazi zilizokuwa bado mbichi. Kazi ya mbao za nje huhukumiwa na masika. Omba kupelekwa kwenye nyumba iliyopakwa miaka miwili iliyopita, na ukifika pitisha mkono upande unaopigwa na mvua.

Yule fundi msumbufu ameitwa tena. Bei yake sasa imepanda, maana kuna vanishi ya kukwangua. Alidondosha matone ya maji kwenye mbao, yakabaki yamesimama kama shanga. Akasema mti usiokunywa maji hautakunywa na dawa yake. Amependekeza mbao za sakafu zing'olewe, zigeuzwe upande wa chini ambao haukufikiwa sana na oil, zipigwe randa, kisha zipakwe mafuta ya mbao yenye rangi badala ya vanishi isiyo na rangi, kwa kuwa rangi hukinga jua na mafuta huongezwa kila mwaka bila kukwangua. Amekataa kuanza kabla ya Januari, vuli ipite na kaskazi ikaushe mti. Rangi na mafuta atanunua mwalimu mwenyewe, na makopo yafunguliwe mbele yake. Wameandikiana kwenye karatasi ya daftari: theluthi ya ufundi baada ya randa na msasa, theluthi baada ya mkono wa mwisho, na theluthi iliyobaki italipwa masika yakishapita. Sharti hilo la mwisho alilitaja fundi mwenyewe.