Paka Anayelia Usiku



Mwaka jana tulileta mtoto wa paka nyumbani kwa sababu ya panya waliokuwa wakitoboa magunia ya mahindi. Alikuja ndani ya kikapu, umri wake majuma matano tu, naye akalia nyau, nyau, hata alfajiri. Usiku wa tatu nikamfungia ghalani. "Atazoea," nikasema. Mke wangu akaniuliza, "Atazoea nini?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo limenikaa moyoni. Twasema paka anasumbua. Lakini je, yafaa kumwita msumbufu kiumbe ambaye sisi wenyewe tumemtoa kwa mama yake? Mtoto wa paka huanza kuachishwa ziwa akiwa na majuma manne hivi, na ni vema akae na mama yake mpaka majuma manane au zaidi. Kilio chake ni kumwita mama. Paka wazima hawaliliani nyau ila kwa nadra. Sauti hiyo hutuelekezea zaidi sisi wanadamu. Basi huyu wetu alikuwa akiita, na wa kuitwa nilikuwa mimi.

Tena tulimpa ugali na maziwa kidogo, kwa makusudi, maana wengi huamini kwamba paka mwenye njaa ndiye akamataye panya. Sivyo, hata aliyeshiba huwinda. Paka akikosa nyama na samaki kwa muda mrefu aweza kupofuka, au moyo wake kudhoofu. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha wengi. Tulipompa dagaa waliochemshwa bila chumvi, kelele zilipungua sana.

Zilizobaki tulimfundisha wenyewe. Alipolia kidogo tulinyamaza, alipopiga kelele tukamtupia kitu. Wako wasemao asijibiwe kamwe, asije akadeka. Nakubali kwamba kumpa kitu kila aliapo ni kumharibu. Lakini sioni mtu apataje haki ya kukipuuza kilio asichokichunguza: pengine ni njaa, minyoo, baridi au upweke, na kwa jike aliyepita miezi minne pengine ni wakati wa kutaka dume.

Siku hizi hupewa chakula kwa saa zake, kabla hajaanza kulia, naye hulala jikoni juu ya gunia, karibu na mafiga. Bado hulia tukirudi kutoka shambani. Mke wangu humjibu. Mimi pia humjibu, kama hapana mtu karibu.