Jina la Maiti

Charles Cholmondeley alizaliwa Australia mwaka 1917, akasoma Oxford, akaingia jeshi la anga la Uingereza, lakini udhaifu wa macho ukamnyima kurusha ndege. Alikuwa mrefu wa futi sita na inchi tatu, mwenye masharubu yaliyotiwa nta. Umbo ambalo hapana mtu angedhani lafaa kazi ya siri. Hata hivyo idara ya usalama, MI5, ilimchukua, na mwezi wa Oktoba 1942 alitoa shauri lililoacha swali ambalo ushindi wa vita haukulijibu: je, maiti ana haki gani juu ya walio hai?

Shauri lenyewe lilikuwa hili: atafutwe maiti, avishwe mavazi ya afisa, atiwe barua za uongo, kisha aachwe baharini mahali ambapo adui atazipata. Ewen Montagu, afisa wa ujasusi wa jeshi la majini, akawa mwenzake katika kazi hiyo. Maiti alipatikana London, Januari 1943. Alikuwa Glyndwr Michael, mwana wa mchimba makaa wa Wales, fukara wa miaka 34 aliyekufa kwa sumu ya panya. Afisa mchunguzi wa vifo akaridhia. Michael akageuzwa Meja William Martin.

Akapewa mchumba aitwaye Pam, na picha yake, na barua za mapenzi, na hati ya bei ya pete, na barua ya benki iliyomdai paundi 79. Cholmondeley alizivaa mwenyewe nguo za maiti huyo kwa majuma kadhaa ili zisionekane mpya, hata zikashika mikunjo ya viwiko na magoti ya mtu aliye hai. Kila nilisomapo habari hii husita hapo. Mtu ambaye hakuwa na makao alipewa, baada ya kufa, mapenzi, cheo, hata deni la kiungwana. Maana fukara halisi hapana benki ambayo ingemkopesha kiasi hicho.

Tarehe 30 Aprili 1943 nyambizi Seraph ilimwacha karibu na Huelva, Hispania. Barua zikawafikia Wajerumani, nao wakaamini kwamba shambulio litakuwa Ugiriki na Sardinia. Mwezi wa Julai majeshi yakashuka Sicily.

Watetezi wa tendo hili husema kwamba askari wengi waliokolewa, na maiti hasikii maumivu. La kwanza nalikubali, ingawa wasiokufa hawahesabiki. La pili ni hoja dhaifu. Kama maiti hadai kitu kwa kuwa hasikii, kwa nini twamwosha, twamkafini na kumzika? Waswahili husema maiti haulizwi sanda, yaani haki iliyo wazi haingoji kuombwa. Basi ikiwa hana haja ya kuulizwa anapopewa, je, yafaa vilevile asiulizwe anapotwaliwa? Montagu aliandika kwamba jamaa walitoa idhini. Waliochunguza habari hizo baadaye hawakuona dalili yake.

Wanasheria wa Kiislamu wana kanuni kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na nyingine iambatanayo nayo, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Aghalabu watu huikumbuka ya kwanza tu. Mimi sioni dhambi kubwa katika kuutumia mwili ule mwaka 1943. Lakini vita vilikwisha 1945. Mwaka 1953 Montagu alitoa kitabu kilichosimulia mkasa wote, ukafuata mchezo wa sinema mwaka 1956, na bado jina la Michael lilifichwa. Lilikuja kufichuliwa mwaka 1996, tena na mtafiti asiye wa serikali. Dharura gani hiyo yenye umri wa miaka hamsini na mitatu?

Cholmondeley naye hakutaka kutajwa. Katika kitabu hicho anaitwa George. Aliacha ujasusi mwaka 1952, akauza mashine za bustani huko Somerset, akafa 1982. Husifiwa kwa unyenyekevu, na sifa hiyo ni yake kwa haki. Walakini unyamavu wake juu ya nafsi yake si sawa na unyamavu juu ya Michael. Mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe, hawezi kusamehe deni la mwenziwe. Kiapo cha kazi kilimfunga, kweli, wala simtwiki yeye peke yake mzigo huu. Lakini yule aliyezivaa nguo za maiti alikuwa miongoni mwa wachache sana waliojua ni nani aliyezikwa ndani yake.

Jiwe la kaburi la Huelva lilichongwa jina la William Martin na majina ya wazazi wa kubuni. Kufikia mwaka 1998 uliongezwa mstari usemao kwamba Glyndwr Michael ndiye aliyetumika kama Meja huyo. Kiingereza cha mstari ule chamfanya mtumishi wa hiari; Kiswahili kingemlazimisha mchongaji kuchagua baina ya alitumika na alitumiwa. Nalo jina la uongo halikufutwa: liko juu, la kweli liko chini yake.