Nani Alikuomba Mwisho?

Wiki mbili zilizopita nilimkosea mwenzangu ofisini. Tulikuwa tunakunywa chai, stori zikaangukia Psycho, ile filamu ya Alfred Hitchcock, nami kwa kujisahau nikataja muuaji ni nani. Dada yule akaweka kikombe chini. Kumbe alikuwa nayo kwenye laptop siku nyingi, anamsubiri mumewe arudi safari waitazame pamoja.

Nikajitetea: "Dada, filamu ya mwaka 1960 hiyo! Wazazi wetu walikuwa watoto."

"Kwako ni ya 1960," akasema. "Kwangu ilikuwa ya Jumamosi."

Sikuwa na jibu. Hitchcock mwenyewe alitaka majumba ya sinema yasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, na mimi nimemwaga kila kitu kati ya chai na chapati.

Ila nami nimekuzwa na kuhadithiwa muvi. Kiingilio cha kibanda umiza wengi wetu hatukuwa nacho. Akipata mmoja, kesho yake shuleni ni yeye tu: stelingi karuka ukuta, adui kachomoa kisu, na milio yote anaitoa kwa mdomo. Mwisho tulikuwa tunaudai. Akiukatisha kwa sababu kengele imelia, tunamnunia mpaka mapumziko. Na siku ukibahatika kuingia mwenyewe, unamkuta mtafsiri anakunong'oneza kwa spika kwamba huyo mshikaji anayecheka na stelingi ndiye atakayemuuza. Hakuna aliyedai kurudishiwa hela yake.

Sasa iweje tendo lilelile liwe zawadi kule na wizi huku?

Kuna wanaosema tuhesabu siku: wiki kadhaa zikipita, ruksa kusema. Hesabu hiyo ni ya mwenye tiketi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021. Siku za mtu wa Makunduchi zianze kuhesabiwa lini? Halafu filamu hiyohiyo inavuruga hoja kwa upande mwingine, maana aliyesoma riwaya ya Shafi Adam Shafi aliingia akijua Yasmin na Denge wanaelekea wapi (au akidhani anajua), na bado aliitaka.

Naona tofauti iko kwenye kuombwa. Sisi tulikuwa tunamzunguka yule mwenzetu, tunamwambia "tuhadithie." Dada wa ofisini hakuniomba chochote. Aliyesoma kitabu naye alichagua kukisoma.

Lakini siungi mkono wanaotaka tunyamaze milele. Filamu nyingine huwezi kuzijadili kwa ukweli bila kuufikia mwisho. Hapa nilitaka kueleza huruma ninayomwonea mtu mmoja ndani ya Psycho, na jinsi huruma hiyo inavyonitia aibu kila nikiirudia, ila nikimtaja tu nimerudia kosa. Kwa hiyo bora mabenchi yawe mawili. La wasioona: tuseme inahusu nini, nani kaigiza, inatisha kiasi gani, basi. La walioona: mlango umeandikwa, anayeingia kaingia kwa hiari yake, na humo tusiombane radhi. Kuchanganya mabenchi ndiko kunakoleta ugomvi. Mmoja anakuwa na hamu ya kusema, mwingine hamu ya kutojua, na hamu zote mbili ni za haki.

Anayesubiri naye ana wajibu wake: aseme mapema, "bado sijaiona." Dada hakusema. Ingawa, kusema kweli, nilishaanza kuongea kabla hajameza.

Jumatatu iliyofuata nilimuuliza ilikuwaje. Akasema filamu hakuitazama sana, alikuwa anamtazama mumewe, anangoja ashtuke.

"Ulimwambia?"

"Nimwambie ili iweje?" Akacheka, akavuta sahani ya chapati upande wake.