Nchi Isiyo na Mtu

Msomaji, yamkini umekwisha kuiona picha hii: mlima wenye theluji, mgunga mmoja, tembo watatu na jua linalotua. Huuzwa kwa watalii katika masoko ya Nairobi, na huchapwa katika kalenda zitundikwazo ukutani hata Kariobangi, mtaa ambao nyumba zake zimebanana na nyundo za mafundi wa vyuma hulia mchana kutwa. Katika picha hiyo hamna mtu. Macho yaliyochoshwa na msongamano hupumzika humo, na hilo ni jema. Lakini yafaa tuulize: je, mchoraji amwondoaye mtu katika nchi anayokaa husema uwongo?

Desturi ya kuchora nchi tupu si ya jana. Katika karne ya 19 wachoraji wa Marekani walijipatia sifa kubwa kwa picha za milima, misitu na maporomoko ya maji. Albert Bierstadt alifika katika bonde la Yosemite mwaka 1863, akalichora likiwaka nuru ya dhahabu, tulivu kana kwamba limeumbwa asubuhi ile. Lakini mwaka 1851 askari wa kujitolea walikuwa wameingia katika bonde hilo hilo, wakachoma vijiji na akiba ya chakula, wakawafukuza wenyeji. Utulivu ule ulikuwa na sababu, na sababu yenyewe haikuchorwa.

Kwetu Afrika ya Mashariki hali haikuwa mbali na hiyo. Wilhelm Kuhnert, Mjerumani, alisifiwa kwa picha za simba na tembo wa nchi iliyo leo Tanzania bara. Mwaka 1905 alikuwa huko Vita vya Maji Maji vilipozuka, hata mapigano ya Mahenge akayachora. Alijua basi kwamba nchi ina wenyewe. Lakini picha zilizompa jina ni zile za mnyama peke yake katika majani marefu. Vita vile, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuteketeza mazao, viliua watu wengi mno. Wako wanahistoria wanaotaja hata 300,000. Pori likaingia mashambani, na katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wengine kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ikawa Pori la Akiba la Selous. Mgeni huitazama akadhani ilikuwa tupu tangu mwanzo wa dunia.

Atasema mtetezi wa wachoraji: hakuna awezaye kuchora kila kitu, achoraye ua halazimiki kumchora mkulima. Tena uzuri huokoa. Picha za Thomas Moran, aliyesafiri Yellowstone mwaka 1871, zilisaidia kulishawishi Bunge la Marekani kuilinda nchi ile kwa sheria mwaka 1872, na Bunge likainunua picha yake moja kwa dola 10,000. Hoja hii ina uzito, nami siipuuzi. Lakini kuacha si sawa na kukana. Picha ya ua haisemi kwamba mkulima hayuko. Picha ya nchi isifiwayo kuwa haijakanyagwa husema kwamba haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe huchukuliwa bila mtu kuulizwa. Hata Yellowstone iliyookolewa, wenyeji waliokuwa wakiwinda humo tangu kale waligeuzwa wavamizi.

Wala usidhani jambo hili ni la porini tu. Ramani ya mji nayo ni picha, na aliyeishika kalamu huchagua la kuonyesha. Mwezi wa Mei 2020, katika siku za korona, watu walipoagizwa kukaa majumbani, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa Kariobangi, katika ardhi iliyodaiwa kuwa ya mtambo wa maji taka. Nani alikuwa na haki ya ardhi ile ni neno la mahakama, si la insha. Lakini kiwanja kilicho cheupe juu ya karatasi chaweza kuwa na vitanda, sufuria na watoto wenye madaftari. Na asiyeonekana katika karatasi huondolewa kwa mkono mwepesi.

Basi jibu langu ni hili. Mchoraji hana kosa kwa kupenda mlima kuliko umati. Kosa huanza pale upweke wa picha unaposadikiwa kuwa upweke wa nchi, na kosa hilo ni la mtazamaji pia. Kwa hiyo, ewe kijana usomaye, usiing'oe kalenda ukutani. Furahia mlima, furahia na tembo. Kisha uliza nani alikuwa akiishi hapa, na alikwenda wapi. Uzuri jicho huupata bure. Ukweli hauna budi kutafutwa.