Kusubiri kwa Mkulima



Vijana wenzangu, swali ninalokutana nalo mara nyingi nikikaa na nyie ni hili: "Frateri, nisubiri mpaka lini?" Mmoja anasubiri ajira tangu amalize chuo. Mwingine anasubiri mchumba, mwingine bado hajajua Mungu anamwita wapi. Falsafa nimesoma, lakini leo hebu niwajibu kwa kabichi.

Kwetu ni Mgeta, milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Shamba letu halifiki ekari moja, tena liko kwenye mteremko mkali, kwa hiyo limekatwa matuta ya ngazi ili mvua isibebe udongo. Humo tunalima kabichi, karoti, njegere na nyanya. Kila majira yana kazi yake. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukungu unakula nyanya, na anayethubutu kuzilima anapiga dawa huku anaomba Mungu. Kiangazi tunamwagilia kwa maji ya kijito, majirani wote kwa zamu. Vuli ikikaribia, tunaandaa tena.

Mbegu ya kabichi inakaa kitaluni kama mwezi mzima. Ukishahamisha miche shambani, unasubiri tena miezi mitatu hivi. Huwezi kuiharakisha. Na karoti ndiyo kabisa, maana inakua chini usikoiona. Watoto wa kwetu wana tabia ya kuing'oa waone imefikia wapi. Sasa karoti ukishaing'oa kuichungulia, ndiyo basi, haikui tena. Jamani, mahusiano mangapi na miito mingapi tumeiua hivyo, kwa kuchungulia kila siku?

Yesu aliyajua haya. Katika Injili ya Marko 4:26-29 anasimulia habari za mtu aliyepanda mbegu, akawa analala na kuamka, nayo mbegu ikamea bila yeye kujua namna gani. Ukuaji ni wa Mungu. Lakini wengi tunaishia hapo, tunasahau kwamba mtu huyo alikuwa ameshapanda. Na mavuno yalipoiva, aliingiza mundu mara moja. Hakusema "ngoja nisali kwanza wiki mbili." Aristotle angesema kwamba ndani ya mbegu kuna uwezo wa kuwa mmea, ila uwezo huo peke yake si chakula. Kusubiri kwa mkulima kuna jembe, kuna kupalilia, kuna kuamka alfajiri. Anayekaa tu kibarazani hasubiri mavuno, anapitisha siku.

Lakini kuna jambo lingine, na hili linaniuma. Mazao yakikomaa, tunayabeba kichwani hadi barabarani. Pale anakuja mnunuzi na gunia lake, analijaza mpaka mdomoni, kisha anashonea juu kilemba kikubwa. Ndiyo lumbesa hiyo. Bei ni ya gunia moja, mzigo ni wa gunia moja na nusu. Sheria inakataza, lakini kabichi haingoji, na mama ana ada ya kulipa, kwa hiyo anakubali. Halafu mtu anamwambia, "Vumilia mama, Mungu atalipa."

Hapana, vijana. Kusubiri mbegu iote ni imani. Kusubiri dhuluma iondoke yenyewe si imani. Nabii Amosi (8:4-6) aliwakemea wafanyabiashara waliochezea vipimo ili wawanyonye maskini, wala hakuwaambia maskini wavumilie. Mungu anayeotesha kabichi ndiye huyohuyo anayeangalia gunia.

Kwa hiyo, unaposema "nasubiri", jiulize: ninachosubiri ni cha Mungu kukuza, au ni changu kufanya? Kama bosi hajakulipa mshahara wa miezi mitatu, hiyo si mbegu. Nenda ukadai kwa heshima na kwa utaratibu, usiende peke yako. Kama mchumba wako anakupiga, hayo si majira yatakayopita. Ondoka, na mwambie mtu unayemwamini. Lakini kama umesoma, umeomba kazi, umesali, na mlango bado haujafunguka, usijing'oe. Mizizi inafanya kazi.

Tarehe 15 Mei, katikati ya masika yetu, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Isidori Mkulima. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, siku moja na wakubwa kama Inyasi wa Loyola na Teresa wa Avila. Hakuwa na digrii, hata shamba hakuwa nalo. Alikuwa kibarua katika shamba la mtu karibu na Madrid.

Wiki hii fanya mambo mawili. Taja jambo moja unalomwachia Mungu, uache kulichungulia. Kisha taja jambo moja ulilokuwa unaliita subira kumbe ni woga, ulifanyie kazi kabla ya Jumapili.

Ee Bwana wa mavuno, utupe subira ya mbegu na ujasiri wa mundu. Amina.

Tuombeane.