Ridhaa ya Mwenye Njaa

Wanazuoni wa fikihi walipoweka sharti za ijara walitaka ridhaa iwepo kwanza: mwajiri na mwajiriwa wakutane kwa hiari, kazi ijulikane, ujira utajwe, na kila mmoja awe radhi na neno alilolitamka. Ni msingi mwema, na mtu asiyependa kudhulumu huuegemea kwa utulivu, kwa kuwa kila dhamiri yake inapomuuliza humpa jibu la haraka: nilimtajia bei, akakubali, akafanya kazi, nikamlipa. Walakini katika nchi ya juu ya Kigoma, penye kambi ya Nduta upande wa Kibondo na kambi ya Nyarugusu upande wa Kasulu, jibu hilo hukutana na mtu ambaye kukubali kwake si sawa na kukubali kwetu, na hapo huzuka suala ambalo kwangu mimi ni la dini kabla ya kuwa la uchumi: je, aliyelipa bei iliyokubaliwa na mtu asiye na njia ya kuikataa amekwisha kutoka katika deni lake?

Nduta ilifunguliwa upya mwezi wa Oktoba 2015, miezi michache baada ya machafuko yaliyozuka Burundi mwezi wa Aprili mwaka huo, wakati Nyarugusu, iliyoanzishwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, ilipokuwa imefurika hata ikashindwa kupokea wageni wengine. Haukupita muda mrefu Nduta ikawa inahifadhi watu zaidi ya laki moja. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 huwataka wakae katika eneo walilopangiwa na wasitoke ila kwa kibali, na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni haimruhusu asiye raia kuajiriwa bila ya kibali. Masoko walimokuwa wakikutana na wenyeji, wakiuziana mafuta, nguo na mihogo, yalifungwa. Na chakula cha mgao, kilichokuwa kikipunguzwa mara kwa mara kwa upungufu wa fedha za wafadhili, mwaka 2023 kilishuka hata kikawa nusu ya kiasi kilichokadiriwa kuwa mtu anakihitaji. Basi mwanamume au mwanamke atokaye kambini kabla ya jua kuchomoza, jembe begani, akaenda kutafuta kibarua katika shamba la maharage au la mahindi, huwa ameacha nyuma yake chungu ambacho hakitajaa, na mbele yake ana mpaka ambao akikamatwa ameuvuka itampasa kujibu. Afikapo shambani hahitaji mkalimani, maana Kirundi chake na Kiha cha mwenye shamba ni ndugu wa karibu mno. Bei hutajwa, naye hukubali. Ningependa msomaji aitazame ridhaa hiyo kwa makini, aone ni nani hasa aliyeitamka, mtu au njaa yake.

Serikali imeweka kima cha chini. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi, nazo ukizigawa kwa siku 26 za kazi zilikuwa shilingi 5,380 na ushei tu kwa siku. Hazikuwa nyingi. Lakini hata kima hicho humfaa mtu aliye na mahali pa kushitaki, na aliyetoka kambini bila ya kibali hawezi kudai ujira wake pasipo kujishitaki mwenyewe. Mwenye shamba mwenye tamaa analijua hilo. Hahitaji kumtisha kibarua wala kumtukana. Yatosha jioni amwambie aje kesho, na kesho amwambie aje Jumamosi.

Yupo atakayesema kwamba maadamu ajira yenyewe haikuwa halali kisheria, hapana deni linalotokana nayo. Ni hoja dhaifu, na fikihi ilikwisha ivunja zamani. Ijara ikiwa fasidi, yaani ikiwa na kasoro iliyoubatilisha mkataba, na kazi ikawa imekwisha fanywa, mfanyakazi hatoki mikono mitupu, bali hustahiki ujira wa mithili, ambao ni malipo apewayo mtu mfano wake kwa kazi mfano wa ile. Jasho likishatoka halirudi mwilini kwa sababu karatasi ilikosekana. Atakaye kujilinda na sheria asimwajiri tangu mwanzo. Akishamwajiri, sheria haimpi ruhusa ya kula kazi ya mtu bure.

Lakini huo ujira wa mithili ni upi? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mwenye shamba aweza kusema kuwa mithili ya Mrundi ni Mrundi mwingine, na kwa kuwa Warundi wote hapa hulipwa kiasi fulani, basi kiasi hicho ndicho haki. Ndivyo dhuluma inavyojizaa: wa kwanza hulipwa kidogo kwa sababu hana la kufanya, na wa pili hulipwa kidogo kwa sababu wa kwanza alilipwa kidogo, hata kikawa desturi, na desturi ikawa hoja. Mimi naona mithili ya mfanyakazi hutazamwa katika kazi yake, si katika unyonge wake. Ngwe iliyolimwa ni ngwe. Ukitaka kujua thamani yake, jiulize ungemlipa nini jirani yako, Muha mwenzio mwenye shamba lake na mihogo yake, ambaye bei ikimchukiza ataweka jembe begani arudi kwake. Bei ya yule awezaye kukukatalia ndiyo bei; na kile unachompunguzia asiyeweza kukukatalia si bei tena, ni ushuru umeutoza juu ya msiba wake.

Injili ya Mathayo ina hadithi ya mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri watu asubuhi, adhuhuri na alasiri, na wengine ilipobaki saa moja tu, kisha akawalipa wote dinari moja, ambayo ilikuwa ujira wa siku nzima. Wahubiri aghalabu huifasiri kwa rehema ya Mungu, nao wana haki. Lakini nimeona pia kwamba wale wa mwisho walipoulizwa sababu ya kusimama bure kutwa, walijibu kuwa hapana aliyewaajiri. Mwajiri mwingine angeyasikia maneno hayo akapunguza bei, maana wamekata tamaa na watapokea chochote. Huyu aliyasikia akatoa dinari kamili, maana mtu aliyekosa kazi tangu alfajiri ana watoto vilevile. Haja ya mtu ilikuwa kwake sababu ya kutimiza, ilhali sokoni haja ndiyo kamba anayofungiwa mtu.

Wazee wa Buha, yaani nchi ya Waha, waliyajua haya kwa miili yao. Enzi ya Waingereza kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na Kasulu na Kibondo hapakuwa na zao la kutosha kuipata fedha hiyo. Kwa hiyo vijana wa Kiha waliandikishwa kwa maelfu kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya mashariki ya nchi, na tangu 1944 wenye mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, ndiyo SILABU, iliyowasafirisha mamia ya maili mbali na kwao. Huko kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Manamba wale, ndivyo walivyoitwa vibarua hao wa mkonge, walikuwa wamekubali. Hata hivyo sijamsikia mjukuu wa manamba, akaaye leo Kasulu au Kibondo, akisema kuwa kwa vile babu yake alikubali, malipo yale yalikuwa ya haki. Na ikiwa hatuikubali hoja hiyo juu ya babu zetu, sijui tutaitumiaje juu ya mgeni aliye shambani mwetu.

Walipopata nguvu, wafanyakazi wa Tanganyika walijitetea kwa umoja. Shirikisho lao, TFL, liliundwa 1955, na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu; mwaka 1958 wakata mkonge wa Mazinde walifanya mgomo mrefu, na mwaka huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha Dar es Salaam walipogoma, wananchi waliitwa wawaunge mkono kwa kuisusia bia ile. Tendo lile la kususia lanishughulisha kuliko mgomo wenyewe. Aliyegoma alikuwa akipigania mkate wake. Lakini aliyekaa kilabuni, asiyekuwa na kazi kiwandani wala ndugu huko, akakataa chupa moja kwa ajili ya ujira wa mtu asiyemjua, alifanya jambo ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha wala mshahara uliomlipa. Vibarua wa Nduta hawana chama, na mgomo wao ungekuwa kulala na njaa. Kwa hiyo sehemu ya wajibu ambayo mahali pengine hubebwa na chama chao, hapa imeanguka juu ya yule alipaye na juu ya jirani aonaye.

Nitataja niliyoyaona kwa macho. Shambani aghalabu ngwe hupimwa kwa hatua za miguu, na hatua za mpimaji zina tabia ya kurefuka anapompimia mgeni. Mama mmoja mkulima wa upande wa Kibondo alikata mti ulionyooka, akawaonyesha vibarua wote kabla jembe halijagusa ardhi, akapima kwa mti uleule ngwe za vijana wa kijiji na ngwe za waliotoka kambini. Kijana mmoja alipomuuliza kwa staha, “Mama, na sisi bei yetu ni ipi?” alimjibu, “Mwanangu, bei ni moja. Mti ni mmoja na bei ni moja.” Jioni, kabla ya magharibi, alitoa noti ndogo ndogo alizokuwa amezitafuta tangu juzi yake, akamwekea kila mtu chake mkononi. Wasiofanya kibarua huenda wasione maana ya noti hizo. Mwajiri akitoa noti moja ya shilingi elfu kumi kwa watu watatu huwa amewaachia kazi nyingine ya usiku, kutafuta chenji mahali ambapo mwenye duka hataitoa mpaka wanunue kitu wasichokihitaji, na mmoja wao, ambaye aghalabu ndiye mnyonge zaidi, hurudi na pungufu. Torati iliagiza maskini alipwe kabla jua halijatua, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alihimiza mwajiriwa apewe ujira kabla jasho lake halijakauka. Naamini mwenye noti za kugawanyika ameyatimiza maagizo hayo zaidi ya mwenye noti nzima.

Majirani walimnung’unikia mama yule kwamba anaharibu bei. Sitaki kuwadharau, kwa sababu wao wenyewe ni mafakiri: mvua ikikosa hupata hasara, na mvua ikinyesha vizuri bei ya gunia huporomoka mikononi mwa wachuuzi wajao na malori. Mtu aliyebanwa juu huona hana budi kubana chini. Lakini insafu haimtaki atoe asichokuwa nacho. Asiyeweza kulipia ngwe kumi kwa bei ya haki alimishe ngwe sita, na nne alime mwenyewe na wanawe, au aache pori hata msimu mwingine. Hilo ni gumu, nalisema nikijua ni gumu. Walakini tofauti ya ngwe zile nne, akizilimisha kwa bei ya dhuluma, hutolewa na mtu aliye fakiri kuliko yeye. Na mnunuzi wa mjini, anayesifu maharage kuwa rahisi, ana fungu lake katika jambo hili, ingawa hajawahi kuikanyaga Kibondo.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo ni riya. Alipaye haki akaitangaza kuwa ni hisani amegeuza deni likawa sadaka, na mpokeaji, badala ya kuondoka akiwa amelipwa, huondoka akiwa amefadhiliwa. Kwa mkimbizi hilo ni chungu zaidi, kwa kuwa vitu vyote vingine alivyo navyo amevipata kwa kupanga foleni: mahindi, turubai, sabuni. Ujira wa ngwe ndicho kitu pekee asichopaswa kukishukuru kwa kupiga magoti.

Limebaki jambo la walioondoka. Tangu Septemba 2017 misafara ya kuwarejesha Warundi kwao imekuwa ikitoka katika kambi hizi, na kila msafara huacha nyuma madeni madogo: siku mbili za kupalilia, gunia lililobebwa, tofali zilizofyatuliwa. Wadeni wengi hudhani mpaka umewasamehe. Katika hadithi mashuhuri ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, mmoja alimwomba Mungu kwa tendo moja la maisha yake: kibarua wake aliondoka bila ya kuchukua ujira, naye akauzalisha ujira ule hata ukawa mifugo, na siku mwenyewe aliporudi kudai haki yake kidogo, akamwonyesha kundi zima akamwambia achukue, ni mali yake. Jiwe likasogea. Hakuitoa mali ile kama zawadi, kwa sababu hakuihesabu kuwa yake hata siku moja. Mkulima wa Kibondo si lazima anunue ng’ombe. Yampasa aandike daftarini jina la mtu na idadi ya ngwe, awaulize jamaa zake waliosalia kambini, ampelekee kwa simu au kwa mkono wa mwaminifu avukaye mpaka, na asipompata awaonyeshe wanawe ukurasa ule. Maana katika hukumu ya mirathi madeni ya marehemu hutolewa kwanza, na Mrundi aliyelima ngwe mbili zisizolipwa atalipwa kabla shamba lenyewe halijagawanywa kwa warithi.